Kukumbatia kwa Ubavu

Jumanne moja, majani ya milimani yakiwa yamegeuka rangi ya kutu na kuanza kupukutika, Orpha Slone aliingia katika duka la bunduki la Estill Ratliff akiwa amevaa koti lake la kanisani. Aliona kwamba jambo lililompeleka pale lilitaka heshima. Kwa miaka yote aliyopika katika jiko la shule alipita mbele ya mlango ule asubuhi na jioni, wala hakuwahi kuusukuma. Bunduki za nyumbani zilinunuliwa na Burchel, mumewe, naye Burchel alikuwa amelala kilimani nyuma ya kanisa, mapafu yake yameshiba vumbi la makaa.

"Bi Orpha," Estill alisema, akitua kikombe cha kahawa. "Umepotea? Duka la vitambaa liko ng'ambo ya barabara."

"Nimelipita makusudi. Nataka bastola. Ndogo."

Estill alicheka, kisha akamtazama shingoni, pale skafu ilipokuwa imefungwa mara mbili ingawa baridi ilikuwa haijaingia, akaacha kucheka. Hakumuuliza anaitaka kwa ajili ya nani. Katika bonde lile la mashariki ya Kentucky, kati ya kijito cha Laurel na mgodi uliofungwa, habari ya mtu humtangulia dukani.

Habari yenyewe ilikuwa hii. Orpha alikuwa na mtoto mmoja tu, Denver. Denver aliingia mgodini akiwa kijana wa miaka kumi na tisa, kama baba yake, na kabla hajafika thelathini kipande cha paa la mwamba kilimwangukia mgongoni. Daktari alimpa vidonge vya maumivu. Vidonge viliutuliza mgongo, halafu vikaanza kudai vyao. Mgodi ukafungwa, daktari akahama, vidonge vikawa unga, unga ukawa sindano, na Denver akawa mtu wa kuja nyumbani kwa mama yake mchana, majirani wakiwa kazini, asiondoke mikono mitupu. Alianza na msumeno wa baba yake. Zikafuata bunduki za kuwindia, moja baada ya nyingine, mpaka ukuta wa sebule ukabaki misumari mitupu.

Na wiki ile alikuwa ametaka vidonge vya mama yake, vile vya baridi yabisi ya mikono. Orpha alipomwambia vimekwisha, Denver alimkaba shingo akambana kwenye friji, sumaku za mlangoni zikadondoka sakafuni moja moja. Orpha alimtazama yale macho yaliyojaa weusi akawaza, huyu simjui. Kisha akamjua, na kumjua ndiko kulikomuumiza kuliko vidole. Denver alimwachia mwenyewe. Akakaa sakafuni akalia, na alipomaliza kulia akauliza kama kuna mkate, na mama yake akampa.

Naibu wa sherifu, alipopigiwa simu, alisema kwa upole kwamba jela imejaa, kwamba wakimchukua watamrudisha upesi, na kwamba pengine Bi Orpha afanye mpango wake. Hakuna mtu wa bondeni asiyejua mpango maana yake nini.

Basi Estill alitandika kitambaa juu ya meza ya kioo akaanza kutoa. Ya kwanza ilikuwa bastola ya silinda, ya risasi saizi thelathini na nane, nyepesi, isiyo na kitu cha kunasa mfukoni. Walitoka nayo nyuma ya duka, penye ukuta wa udongo wa kujaribia. Orpha alifyatua mara moja tu. Teke lake lilipanda kutoka kiganjani hadi kwenye kiwiko, machozi yakamtoka bila kulia, akamrudishia Estill kama mtu anayerudisha sufuria ya moto. Ya pili ilikuwa bapa, ndiyo waliyoipenda wanawake wengi, lakini ili kuikoki ni lazima uvute nyuma chuma chake cha juu, na vidole vya Orpha, vilivyoosha masufuria ya watoto mia tatu, viliteleza. Estill alimfundisha aibane tumboni aisukume kwa uzito wa mwili. Aliisukuma mpaka shanga za mkufu wake zikagongana. Chuma hakikusogea. Ya tatu ilikuwa ndogo zaidi, ishirini na mbili ya silinda, haina teke kabisa, ila kifyatulio chake kigumu hata akahitaji vidole viwili, na Estill akakiri kwamba risasi za saizi ile wakati mwingine hugoma.

Aliingia stoo akarudi na moja ya zamani, thelathini na mbili, isiyozidi kiganja. Ukibonyeza kitufe cha ubavuni, mtutu wake huinuka kwa nyuma kama kifaranga anayengoja kulishwa. Unaingiza risasi kwa mkono, unaubana chini, basi. Hakuna cha kuvuta. Orpha aliifungua na kuifunga mwenyewe, mara mbili, mara tatu, na furaha ndogo ikampitia, ile ya kufungua chupa ya achari bila kuita jirani. Akaionea haya furaha ile.

"Estill," alisema. "Hii ndogo inaua?"

Estill alidhani amedharau bidhaa, akaanza kumweleza kwamba vijana wanapenda kubwa kwa ajili ya sifa tu. Orpha akamkatiza.

"Sivyo. Nauliza kama ipo inayotisha tu. Inayomsimamisha mtu, asife."

Estill alikunja kitambaa, akakikunjua tena. Alimfahamu Denver tangu utotoni, na ndiye aliyemuuzia Burchel bunduki ya kwanza ya mtoto yule.

"Hakuna, Bi Orpha. Watu wengi wanakuja hapa wakidhani ndogo ina huruma. Ndogo haina huruma, ina uvivu. Ukimpiga mtu na kubwa, anaanguka. Ukimpiga na hii anaweza kukufikia, akakufanya alichokujia, halafu akafa kesho hospitali huku anaongea na nesi."

"Na nikimlenga mguu?"

"Kwa mikono hiyo?" Alisema bila dhihaka. "Sikiliza. Ukiitoa, uwe umeshaamua. Kama hujaamua, iache mfukoni, ukimbie."

"Nikimbilie wapi?"

Orpha akanyoosha mkono akaichukua ile thelathini na mbili. Alikuwa amesikia kila neno, na bado, alipouhisi wepesi wake, moyo wake ulishikilia udogo ule kama mtu anavyoshikilia kauli ya daktari asiye na uhakika.

Kazi ya kuwafundisha wanawake kubeba ilikuwa ya Maudie, mke wa Estill, mwanamke mnene wa vicheko aliyeshona ala za ngozi kwa mkono wake. Alimwambia Orpha asiiweke kamwe kwenye mkoba, kwa sababu mkoba ndio wa kwanza kuchukuliwa. Akamshonea ala ya kuingia katika mfuko wa kulia wa aproni, na mfuko ule usitiwe kitu kingine chochote, si leso, si peremende. Akamtembeza mbele ya kioo. Akamwinamisha kama anayetoa mkate kwenye oveni, akamnyoosha kama anayechukua sahani kabatini. Nguo haikuonyesha uvimbe wowote.

"Macho hayataiona," Maudie alisema. "Shida yetu huku siyo macho, ni mikono. Njoo nikukumbatie."

Kwao hapo mtu haondoki bila kukumbatiwa. Hata wakigombana watu, hata wakitukanana mezani, mlangoni lazima wakumbatiane, kwa kuwa mababu zao walikuwa watu wa mgodini, na mgodi haukuahidi kumrudisha mtu. Maudie akamfundisha kurudisha nyonga ya kulia nyuma, kutanguliza bega la kushoto, kupiga mgongo wa mwenzake mara mbili na kuachia. Walifanya hivyo kati ya rafu za risasi, vibibi viwili wakisukumana kama wanaojifunza dansi, mpaka Orpha akaweza bila kufikiri.

Jumapili kanisani, ibada ilipokuwa inaisha na watu wakaanza kuzunguka wakiimba, wakipeana mikono na kukumbatiana kama desturi, Orpha aliona jambo ambalo hakuwahi kuliona maisha yake yote. Mzee Hobert alimjia kwa bega. Mke wa mchungaji alimjia kwa bega. Nusu ya kanisa walikuwa wanakumbatiana kwa ubavu, nyonga zimebenuliwa nyuma, kama korongo wanaoogopa kulowana. Alipomfikia Glenna, jirani na rafiki yake wa tangu shule, walipishana mabega vibaya wakagongana videvu.

"Na wewe?" Orpha alinong'ona.

"Ya kwangu iko kwapani," Glenna alisema, akiendelea kuimba kati ya maneno. "Umewahi kuniona nikiinua mkono kwenye pambio?"

Walicheka mpaka mchungaji akawatazama. Orpha alicheka hadi machozi, na machozi yakaendelea kidogo baada ya kicheko kwisha.

Denver alikuja mvua ikinyesha, siku za mwisho za majani. Alibisha hodi. Orpha alisimama jikoni akiusikiliza mlango, maana ilikuwa miaka tangu mtoto yule abishe hodi katika nyumba aliyozaliwa, naye hakujua kama hodi ni dalili njema au mbaya zaidi. Alikausha mikono, akaugusa mfuko wa kulia wa aproni, akafungua.

Alikuwa amekonda hata shati la baba yake likamning'inia. Lakini macho yalikuwa yake. Alikaa kwenye kiti chake cha zamani, mgongo kwa dirisha, na Orpha akampakulia maharagwe yaliyochemshwa na mfupa wa nguruwe, mkate wa mahindi wa kikaangoni, kitunguu kibichi, na viazisukari vyekundu vya siki alivyovipenda tangu hana meno. Yeye mwenyewe hakukaa. Alisimama karibu na jiko, upande wa mlango, kama Maudie alivyomwelekeza, mkono wake umelala juu ya aproni kana kwamba tumbo linamuuma.

Denver aliongea akila. Kulikuwa na nyumba ya matibabu ya waraibu huko Lexington, mtu mmoja alimwambia kitanda kinaweza kupatikana, pengine mwezi ujao, pengine kabla ya Krismasi. Orpha alikwisha kukisikia kitanda kile mara nyingi. Kilikuwa kimewahi kuwa Lexington, kikawa Ashland, kikawa ng'ambo ya mto Ohio. Alisema ni vizuri. Akamwongezea maharagwe. Denver akaikausha sahani kwa kipande cha mkate, akainua uso, akatazama friji.

"Ile ya jogoo ilikuwaga juu," alisema.

Orpha alikuwa amezirudisha sumaku zote mlangoni, lakini si kwa mpangilio wake. Kuikumbuka sumaku ile ndiko kulikokuwa kuomba radhi kwa Denver, na mama yake alikuelewa, akageukia jiko kukoroga kisichohitaji kukorogwa.

Mvua ilipopungua Denver alisimama, akavaa kofia. Akafungua mikono, kama alivyofungua kila siku ya maisha yake alipotoka mlango ule, akienda shule, akienda mgodini, akienda hata siku zile za msumeno na bunduki. Orpha akamwendea. Na mwili wake, bila yeye kuuambia, ukarudisha nyonga ya kulia nyuma, ukatanguliza bega la kushoto, mkono ukampiga mgongoni mara mbili.

Denver hakuachia. Alitulia tuli, kidevu chake juu ya kichwa cha mama yake.

"Baba alikuwa ananikumbatia hivi," alisema. "Wakati ule analinda geti la mgodi."

Burchel katika miaka yake ya mwisho alimkumbatia Orpha pia kwa ubavu, na Orpha siku zote alidhani ni kifua kinamuuma.

"Ipi, Mama?"

"Thelathini na mbili."

"Ile ya mtutu kuinuka?"

"Ndiyo."

Denver akarudi nyuma hatua moja, taratibu. Hakuutazama mfuko. Alitazama mikono ya mama yake, vifundo vilivyovimba.

"Hiyo itakufaa," alisema. "Zile nyingine usingeziweza kukoki." Akameza mate. "Usiiweke kwenye mkoba. Mkoba wako naujua."

"Maudie ameniambia."

"Na nikija vile tena, Mama, usianze kuongea na mimi. Nitakuzungusha kwa maneno. Nawajua watu wa aina yangu."

"Denver."

"Utaiweza?"

Orpha alitaka kusema hapana, mwanangu, siwezi, nimeinunua ndogo kwa sababu siwezi. Alitaka kusema ndiyo, ili aogope, ili aende kwenye kitanda cha Lexington kama kipo. Yote mawili yalimjia mdomoni kwa pamoja, yakazibana.

"Sijui," alisema.

Denver aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyejibiwa sawasawa. Akaondoka kinyumenyume hadi barazani, na alipofika kwenye ngazi akainua mikono yote miwili kidogo, viganja wazi, kama mtu aliyesimamishwa na sherifu. Ulikuwa utani. Alikuwa mtoto wa utani tangu zamani. Orpha hakuweza kucheka, na Denver alikuwa amekwisha kugeuka na kuanza kushuka barabara ya kijito, mabega yamekunjwa kwa baridi.

Ndipo Orpha alipotambua kwamba hawakukumbatiana. Lile la kwanza halikuhesabika, lilikatika katikati. Alivua aproni upesi, akaitundika kwenye msumari mmojawapo wa bunduki za Burchel, akatoka mvuani na viatu vya ndani akimwita. Gari la mtu fulani lilikuwa limesimama chini penye daraja. Mlango wake ulifungwa, likaondoka.

Msimu mzima wa baridi Orpha aliivaa aproni ile. Aliivaa akipika, akikunja nguo, akitazama barabara kupitia dirisha la jikoni. Mbwa wa Glenna alipobweka aliugusa mfuko wa kulia, na kila mara alipougusa hakujua tena anaomba nini, asiwe Denver au awe Denver. Usiku aliacha sahani moja juu ya jiko imefunikwa. Asubuhi aliwapa ndege mkate. Glenna alisema angalau sasa ana amani, na Orpha akasema ndiyo, amani ipo. Estill alipokutana naye posta alimuuliza kama bastola imefanya kazi. Orpha alifikiri kidogo, akasema imefanya. Haikuwa imelia hata mara moja. Mtoto hakuguswa na risasi wala mama hakuguswa tena shingoni. Alichokiomba pale mezani kwa Estill, kitu cha kumsimamisha mtu bila kumuua, alikuwa amekipata kama alivyokiomba.

Baridi ilipokwisha na miti ya dogwood ikachanua maua yake meupe, naibu wa sherifu alikuja barazani na kofia mkononi. Denver alikuwa amekutwa chooni mwa kituo kimoja cha mafuta nje ya mji, sindano bado imo mkononi. Alisema hakuteseka. Alisema ilikuwa kama usingizi. Orpha alimsikiliza mpaka mwisho, akamuuliza kama alikuwa amekula. Naibu alisema hajui, mama, hilo hatulipimi.

Walimweka katika nyumba ya maziko, kwenye chumba chenye zulia la kijani, na bonde zima likapanga foleni. Orpha alisimama kando ya jeneza kwa koti lake la kanisani. Bastola aliiacha nyumbani, ndani ya kopo la unga wa ngano, kwa kuwa hakukuwa na mtu wa kuiba tena. Wakamjia mmoja mmoja wakamkumbatia, Hobert, mke wa mchungaji, Maudie aliyelia kwa sauti, na Estill ambaye hakuweza kumtazama usoni. Ilipofika zamu ya Glenna, alimshika mabega akamsogelea sikioni.

"Orpha, umeibeba hata humu?"

"Hapana. Iko nyumbani."

"Basi mbona unanikumbatia hivyo?"

Orpha hakuwa amejua. Alijitazama. Nyonga yake ya kulia ilikuwa imerudi nyuma, bega la kushoto limetangulia, na ndivyo alivyowapokea wote tangu asubuhi.

Watu walipokwenda chumba cha pili kula, aliomba aachwe kidogo. Glenna akafunga mlango akabaki nje, akishikilia kitasa. Orpha akainama juu ya mwanawe. Walikuwa wamemvalisha shati jeupe lenye kola iliyomzidi, na nywele wamezichana upande usio wake, akazirudisha kwa vidole. Kisha akataka kumkumbatia kifua kwa kifua, kama alivyomkumbatia siku alipoletwa kutoka hospitali amefungwa blanketi, kama walivyopaswa kuagana ile siku ya mvua. Alipomshukia, ukingo wa jeneza ulimgusa nyonga ya kulia, pale pale mfuko ulipokuwa, na mwili ukageuka wenyewe, ukampa mtoto bega.

Akainuka. Akavuta pumzi, akasimama sawasawa mbele yake, akainama tena, taratibu, akiishikilia nyonga yake kwa mkono wake mwenyewe isirudi nyuma. Ikarudi.

Nje, Glenna alisikia viatu vikisogea juu ya zulia, vikitulia, vikisogea tena. Alingoja vikome ndipo afungue, akangoja sana.